Tairi gumu kama jiwe si lazima liende mbio

Pemba na Unguja wengi tumekua tukiamini kwamba kabla ya safari ndefu ya baiskeli, tairi lijazwe upepo mpaka kidole gumba kisibonyee. Imani hii ina asili yake: kwenye lami laini, tairi lenye upepo mwingi huteleza vizuri.

Lakini ukiiacha lami ukaingia njia ya kokoto na mawe, mambo hugeuka. Tairi gumu hurukaruka juu ya kila jiwe, na nguvu za miguu hupotea katika kutikisika. Lililopunguzwa upepo kidogo hubonyea, likalipita jiwe bila kumrusha mpandaji. Likizidi kulegea nalo, ringi huubana mpira wa ndani kwenye shimo na kuutoboa. Tairi la nyuma, hasa likiwa na mzigo kwenye keria, huhitaji upepo zaidi kuliko la mbele.

Soma ubavuni mwa tairi: mara nyingi kiwango cha upepo kimeandikwa kwa PSI au bar, vipimo vya mgandamizo wa upepo. Kidole hakipimi, tumia pampu yenye kipimo. Kisha tafuta mteremko usio na magari (Pemba havikosekani vilima), uachie baiskeli bila kupiga pedeli, uone inasimama wapi. Badilisha upepo, urudie kutoka palepale: inapofika mbali zaidi, upepo huo ndio unaoifaa njia hiyo.

Mimi hujaza vizuri bandarini Mkoani, Pemba, kisha hupunguza nikifika njia ya shamba. Pampu sasa haibanduki kwenye keria.