Kabla ya kamera, tizama mwezi: kupiga picha ndege wa mtoni Pemba

Watu wananiuliza sana natumia lenzi gani na mie huwajibu, lakini nikijibu najua swali lenyewe silo. Lenzi yangu ni zumu ya mtumba inayofika milimita 400, ya kawaida tu, na hiyohiyo siku moja inanipa picha ya kutundika ukutani na siku ya pili, pahala palepale, saa ileile, sipati hata ya kuweka status. Kilichobadilika ni maji.

Huku kwetu pwani ya magharibi ya Pemba imechanikachanika kwa hori, vijimkono vya bahari vinavyoingia ndani ya nchi kavu, na mito yenyewe ni midogo, inashuka kwenye mabonde ya mpunga, inapita chini ya migomba na mikarafuu halafu inapotelea kwenye mikoko, kwa hiyo ukiufuata mto kwa miguu toka juu unaanza na maji matamu na unamalizia na tope la chumvi linalokufika magotini, na ndege wanabadilika njia nzima. Huko chini mwenye amri ni kujaa na kupwa. Kamera haina usemi.

Ndo mana kalenda yangu ya kupigia picha ni ile ya mwezi wa Kiislamu, ile inayotundikwa ukutani takriban kila nyumba. Mwezi ukiandama na ukipevuka tunapata bamvu, tofauti ya maji ya juu na ya chini inafika kama mita 4, na siku hizo maji yanajaa mnamo saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, yanakupwa saa 4. Kila siku yanachelewa dakika arubaini, hamsini hivi. Ukifika tarehe 7, 8 au 22 ndo maji mafu, yanajaa saa 4 asubuhi tena kiuvivu, hayendi mbali hayarudi mbali.

Sasa hii ina maana gani kwa mpiga picha? Maji yakikupwa ndege wote wa pwani wanatawanyika kule mbali kwenye tope wanakula, wewe unaona vidoto tu, hata uwe na lenzi ndefu kama mlingoti. Yakianza kujaa yanawasukuma kidogokidogo mpaka ukingoni ulikokaa wewe, wanakuja wenyewe, huna haja ya kumfukuza mtu. Unachotaka ni maji yawe yanajaa wakati jua limelegea, basi. Kwa jioni hizo ni tarehe 3 na 4, kisha 17 na 18, maji yanakaribia kujaa magharibi inaingia. Kwa asubuhi ni tarehe 6 hivi, au 20 na 21, unaswali alfajiri unatoka, ukifika horini maji yapo njiani.

Na jua letu halina subira, tusidanganyane. Tuko karibu na ikweta, mchana wa mwaka mzima unapishana nusu saa tu na kidogo, na jua linapanda wima, sio lile la ulaya linalotambaa pembeni masaa. Mwanzoni mwa mwezi wa kumi na mwanzoni mwa mwezi wa tatu linapita utosini kabisa. Saa 2 na nusu asubuhi ishakwisha, vivuli vishakuwa vyeusi, macho ya ndege hayaonekani, unayemwona bado anapiga saa 5 huyo anafanya mazoezi ya miguu.

Misimu pia watu wanaichukulia vibaya. Utasikia "Pemba haina misimu ya kupiga picha, kila siku kijani". Si kweli, siye tuna pepo za kaskazi na kusi. Kuanzia mwezi wa nane wanaanza kuingia wageni wa kaskazini, masululu na vitwitwi wa aina aina, wanazaliana huko Urusi na ulaya ya juu na wanakuja kwetu kupisha baridi mpaka mwezi wa nne. Kuna kitwitwi mmoja mwenye mdomo mrefu uliopinda chini, anazaliana Siberia, akiwa hapa mwezi wa kumi na mbili ni wa kijivu, wala humtizami mara mbili, lakini akikaribia safari ya kurudi kifua na tumbo linageuka jekundu la matofali. Hiyo ni mwezi wa nne, masika imeshika, na kila mtu ameshafungia kamera kabatini akiogopa mvua! Mie nasema picha ya maana ya mwaka ipo hapo, baina ya mvua na mvua, mawingu yamelainisha mwanga, hata saa 4 unapiga.

Kusi likivuma wageni wanatoka upande mwengine. Kulastara wa Madagaska anakuja baina ya mwezi wa tano na wa kumi, anasimama pembeni ya maji bondeni, mgongo wa rangi ya udongo, hata humwoni, akiruka tu mbawa nyeupe zinafunguka. Ni ndege aliye hatarini kutoweka duniani, kwa hiyo ukimpata usimsogelee ili umjaze kwenye fremu, mpige na bonde lake, picha ndo nzuri zaidi.

Miezi hiyo mpunga nao unaiva na watu wako kwenye madungu wanaamia ndege, makopo yanagongwa, watoto wanapiga kelele, na yangeyange hawana habari wanawafuata watu nyuma kuokota panzi. Hapa kuna tatizo la kiufundi linalowashinda wengi. Yangeyange ni mweupe pe, nyuma yake kuna mikoko au migomba ya kiza, kamera inaona kiza kingi inaongeza mwanga yenyewe, ndege anaungua, manyoya yote yanakuwa karatasi. Shusha eksposha, yani mwanga unaoingia kwenye kamera, kwenye kipimo cha +/- toa moja, jua likiwa kali toa moja na nusu, kiza cha nyuma kiache kiwe kiza, utakiinua baadae kwenye kompyuta, lakini weupe ukishaungua haurudi. Kunguru juu ya mnazi mbingu nyeupe ni kinyume chake, ongeza. Na ukiwa bondeni omba ruhusa kwanza, ni shamba la mtu. Kuna bimkubwa aliniambia, "Wee mwanangu, siye jua latuua hapa nawe wapiga picha yangeyange?" Nikamwambia bimkubwa, yangeyange haniulizi picha yake iko wapi. Akacheka, siku ya pili nikampelekea yake.

Ndege wangu mimi lakini ni mdiria wa mikoko. Kichwa cha kijivu, mbawa za buluu, mdomo mwekundu wote juu na chini. Anakaa kwenye tawi la mchu, aina ya mkoko, lililoinama juu ya maji, kimya, kichwa tu kinainama kidogo upande mmoja, ukiona hivyo weka kidole kwenye batani mana anashuka sasa hivi. Akirudi na kaa anampigapiga kwenye tawi, kulia kushoto, mpaka miguu inaanguka majini mmojammoja halafu ndo anammeza. Tawi ni lilelile kila siku, kwa hiyo usimfuate, kaa chini umsubiri, fokasi iwe tayari kwenye tawi, shata, yani kasi ya kamera kufunguka na kujifunga, 1/2000 ya sekunde ukitaka ashuke bila ukungu. Ukisimama tu kashaondoka.

Kuhusu ndege wanne ambao hawapo popote duniani ila Pemba: chozi wetu na kile kindege cha manjano chenye duara jeupe jichoni hawana taabu, utawapata hata uani kwenye maua. Ninga wa Pemba tafuta mkuyu wenye matunda, kaa chini yake. Bundi mdogo ndo kazi, yuko msitu wa Ngezi na pia kwenye mashamba ya mikarafuu yaliyoota vichaka, anaanza kulia jioni sauti moja fupi, anyamaza, tena moja. Kuna watu wanampigia sauti yake kwa simu mpaka anakuja, anadhani kaingiliwa nyumbani kwake, anaacha kuwinda. Mie sipigi simu na tochi simwekei machoni, na shamba lenyewe sitaji hata ukinipigia, wageni wenye simu wanatosha. Namsikiliza analia mti gani, kesho yake jioni nafika kabla ya kiza, nasimamisha stendi ya kamera, ISO, yani wepesi wa kamera kushika mwanga, naiweka 3200, shata inashuka mpaka 1/30, na nusu ya picha zinaharibika, hiyo ndo bei yake.