Utando wa Kijani wa Kunduchi: Dhana Potofu Kuhusu Sianobakteria na Chumvi

Kwenye mabwawa ya chumvi ya Kunduchi, Dar es Salaam, karibu na mikoko, utando wa kijani hulala juu ya tope. Jua likiwaka, hukauka na kujikunja kingo. Wengi huuona uchafu tu. Utando wa namna hii kwa kawaida hujengwa na sianobakteria, bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua na kutoa oksijeni. Wanastahili heshima zaidi.

Dhana: Sianobakteria wa maji baridi akikutana na chumvi, amekwisha.
Si wote. Synechocystis 6803, aliyepatikana kwenye maji baridi huko California, huvumilia chumvi karibu mara mbili ya ile ya bahari, ambayo ni gramu 35 hivi kwa lita.

Dhana: Huvumilia kwa kujijaza chumvi mpaka ndani na nje kulingane.
Hapa ndipo wengi hupotea. Chumvi ikipanda nje, maji huikimbia seli na sodiamu huingia. Seli huisukuma sodiamu nje, hushika potasiamu kwa muda, kisha huunda kitu chake kisichodhuru protini: glukosilgliseroli. Hicho ndicho kinachozuia maji yasitoke. Kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za seli) kiitwacho GgpS huunganisha glukosi na gliseroli yenye fosfeti, halafu GgpP hukiondoa kipande cha fosfeti. Jeni ya GgpS ikiondolewa, seli haiwezi tena chumvi nyingi.

Dhana: Seli husubiri chumvi ije ndipo itengeneze kimeng'enya.
GgpS huwa kipo tayari, kimeng'ang'ania DNA na hakifanyi kazi. Ioni za chumvi zikizidi ndani ya seli, hukibandua na kazi huanza papo hapo; vimeng'enya vipya huongezwa baadaye. Yaani adui mwenyewe ndiye anayemwamsha mlinzi! Sijui jambo zuri kuliko hili katika somo zima.

Dhana: Wote hutumia kitu kilekile.
Hapana. Wengi wa maji baridi hutegemea sukari za sukrosi au trehalosi, na wale wa chumvi kali kupindukia, glisini betaini.

Dhana: Masika ikifika, wanapumzika.
Mvua kubwa ikilizimua bwawa ghafla, maji huvamia seli na inaweza kuvimba hadi kupasuka. Katika Synechocystis, sehemu ya glukosilgliseroli humwagwa nje, GgpS hutulizwa, na kimeng'enya GghA huvunjavunja iliyobaki.