Diski ya pili haiongezi mbio, na mengine tunayoaminishana huku Mbeya

Nianze na lile kasha la kompyuta lenyewe. Karibu kila mteja anayefika kibandani kwangu Mwanjelwa analiita "CPU". Akisema "fundi, CPU yangu imejaa", najua anazungumzia diski. CPU yenyewe, ubongo wa mashine, ni kidude cha ukubwa wa biskuti kinachojificha chini ya feni, wala hakijai. Niliacha zamani kumkosoa mtu kwa hilo, ila nimegundua jina hilo lina athari zake. Kasha zima likiwa ni kitu kimoja, mtu anaamini chochote utakachokiongeza humo ndani kitalinufaisha lote.

Ndipo linapokuja ombi ninalolisikia kuliko yote: "Niongezee diski, mashine imekuwa nzito."

Diski ya pili inaongeza nafasi, basi. Ukipachika diski ya kuzunguka ya terabaiti 2 kando ya ile ya zamani, Windows itaendelea kuwakia kwenye ile ya zamani, kwa mwendo ule ule wa konokono. Kuna hali moja inayosaidia: kama diski yenye Windows imebanwa hadi imebakiwa na gigabaiti mbili tatu, ukihamisha video na picha kwenda diski mpya mashine itapata pumzi. Zaidi ya hapo, dawa ya uzito ni SSD, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani, na hiyo SSD ndiyo ibebe Windows. Ukiiweka SSD halafu ukaitumia kuhifadhi filamu tu, umenunua mbio ukazifungia stoo.

Sababu ni ya kimashine kabisa. Ndani ya diski ya kawaida kuna sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika, au 5,400 kwa zile za polepole, na mkono wenye vichwa vya kusomea unaohama huku na huko. Kila faili dogo linataka mkono usogee, kisha usubiri sahani izunguke hadi mahali pake. Kwa mtindo huo inapata safari kama mia hivi kwa sekunde. Windows inapowaka inataka vifaili maelfu, vimetawanyika kila kona. SSD haina mkono wala sahani, na safari zake kwa sekunde ni makumi ya maelfu. Kwenye faili moja kubwa tofauti inapungua: diski ya kuzunguka inakwenda megabaiti 150 hadi 200 kwa sekunde, SSD ya SATA, yaani inayochomekwa kwa kebo kama diski ya kawaida, inafika 500 na ushee. Kwa hiyo wapiga video za sendoff na kipaimara huwa nawaambia waweke Windows na kazi wanayoihariri kwenye SSD, na harusi za mwaka jana zikae kwenye diski kubwa ya bei nafuu.

"Pawa saplai yangu ni ndogo, itabeba kweli?" Swali zuri, kuhusu kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kasha, ila hofu imeelekezwa pasipo hatari. Diski ya inchi 3.5 ikiwa kazini inakula wati 6 hadi 10. Inapoanza kuzunguka ndipo inavuta zaidi, ishirini na kitu kwa sekunde chache, kisha inatulia. SSD ya SATA hata wati 5 ni nadra kuzifikisha. Pawa saplai ya wati 300 iliyo nzima, kwenye mashine ya ofisi isiyo na kadi kubwa ya michezo, inabeba diski mbili za nyongeza bila kuguna.

Hatari iko kwenye kebo, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu nimeshaona machozi.

Zipo pawa saplai ambazo kebo zake huchomoka pande zote mbili. Upande unaoingia kwenye diski ni wa kiwango kimoja dunia nzima: plagi bapa, ya pini 15, yenye kona ya herufi L ili usiigeuze. Upande unaoingia kwenye pawa saplai hauna kiwango chochote, kila kiwanda kinapanga pini kivyake. Kijana mmoja alipungukiwa kebo moja, akaazima ya rafiki yake. Iliingia vizuri kabisa, tena kwa ule mlio wa kufunga unaokupa matumaini. Alipowasha, volti 12 zikapita njia ya volti 5. Aliniletea diski mbili zimefungwa kwenye taulo kama mtoto mgonjwa. Nilipoligeuza bodi la chini nikakuta doa jeusi la ukubwa wa punje ya ulezi, na ile harufu ambayo fundi haihitaji kuisikia mara mbili. Diski zote mbili zilikufa sekunde hiyo hiyo. Kwa hiyo kebo iliyokuja na pawa saplai yako ibaki na pawa saplai yako. Ukiazima, azima pasi.

Ndugu yake ni ile adapta ya kugeuza plagi ya zamani ya pini 4 kuwa ya SATA. Zile ambazo kichwa chake cha plastiki kimemiminwa kikawa bonge moja pamoja na waya, nyingine humo ndani waya zimekaa karibu mno, na kuna zilizowahi kuyeyuka na kushika moto. Tafuta yenye kichwa kilichobanwa kwa kifuniko, ambapo kila waya unauona unapoingilia.

Je, kila kasha lenye uwazi linapokea diski? Hapana, na hili linawapata zaidi wanaonunua mashine zilizotoka maofisini Ulaya. Yale makasha membamba yana sehemu ya diski moja kubwa, mbili ukibahatika. Mengine pawa saplai yake haina hata plagi moja ya diski: umeme wa diski unatoka kwenye mazabodi, ule ubao mkuu unaobeba CPU, kwa kebo ya kipekee, na kebo hiyo ikiwa na kichwa kimoja, habari imeishia hapo. Kabla hujatoa hela fungua ubavu wa kasha, tena mchana kwenye mwanga, uhesabu vitu vitatu: poti za SATA zilizo wazi kwenye mazabodi, plagi za umeme zinazoning'inia bila kazi, na mahali pa kufungia skrubu. Kilicho kichache kuliko vyote kati ya hivyo vitatu ndicho kikomo chako. Tena mazabodi nyingine, ukichomeka SSD nyembamba ya M.2, ile inayolala moja kwa moja juu ya mazabodi, poti moja au mbili za SATA zinajizima. Kijitabu chake kinasema ni zipi.

Wakongwe bado wananiuliza, kati ya diski mbili, ipi iwe bwana na ipi mtumwa. Hayo yalikuwa ya enzi za IDE, diski mbili kwenye utepe mmoja mpana na vijipini vya kupanga. SATA kila diski ina kebo yake na haimtumikii mtu. La diski kulala au kusimama nalo lisikusumbue, mradi imefungwa skrubu. Kuilaza juu ya kipande cha katoni ndani ya kasha, hilo ndilo ugonjwa.

Mwalimu mmoja mstaafu wa Uyole alirudi kwangu siku ya pili baada ya kununua diski ya terabaiti 1. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia haraka haraka. "Kijana wangu, hawa wamenipunja. Imeandikwa 1,000, mashine inasoma 931."

"Hawajakupunja, mwalimu. Mnapima kwa vibaba viwili tofauti."

Kiwanda kinahesabu terabaiti kuwa baiti 1,000,000,000,000 kamili. Windows inaigawa kwa 1,073,741,824, yaani 1,024 mara 1,024 mara 1,024, halafu jibu inaliita GB. Alikuwa mwalimu wa hesabu, hakuniamini kwa mdomo. Alichukua kalamu, akagawanya kwa mkono nyuma ya boksi la diski, wateja wawili wanasubiri. Akapata 931 na ushee. "Ndaga fijo," akasema, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akaondoka na boksi lake.

Afadhali yake diski ilikuwa inaonekana. Wengi wanapachika mpya, wanafungua kompyuta, hawaioni, wanahitimisha kuwa ni feki. Diski mpya ni shamba ambalo halijapimwa. Bofya kitufe cha Windows kwa kidole cha kulia cha kipanya, ingia Disk Management, utaikuta pale imelala. Itakuomba uianzishe: chagua GPT, mpangilio mpya wa kugawa maeneo ya diski, kwa sababu mfumo wa zamani wa MBR unakomea kwenye terabaiti 2 hivi. Kisha itengee eneo, ifomati, ipe herufi. Dakika tano. Lakini ikiwa ni diski ya zamani yenye picha zako na Windows inakuomba hayo hayo, ondoa mkono kwenye kipanya. Ukikubali, unaanza kufuta njia ya kurudia.

Na diski ikija na kutoweka, kabla hujaihukumu itazame kwa programu ya kupima afya ya diski kama CrystalDiskInfo. Mstari wa 05 na wa C5 ukiwa na namba zinazopanda, uso wa diski unaharibika kweli. Ukipanda mstari wa C7 peke yake, mara nyingi mkosaji ni kebo ya data. Badilisha kebo, ni bei ya sahani ya chipsi. Programu hiyo hiyo itakuonyesha saa ambazo diski imeshafanya kazi. Mwaka una saa 8,760. Muuzaji akikuapia kuwa diski "imetumika kidogo tu", nawe unasoma 41,000, tayari unajua ina umri gani.

Kisha ipo dhana yetu wenyewe wa nyanda za juu: "Mbeya ni baridi, feni ya nini?" Baridi iko nje. Nimezikuta diski mbili zimebanana bila nafasi, feni ya mbele imechomolewa kwa sababu ya kelele, vumbi la kiangazi limeziba matundu, na kipimo kinasoma nyuzi 52 mwezi wa Saba, mimi nimevaa sweta. Acha nafasi ya diski moja kati ya hizo mbili, rudisha feni.

Wengine wanahofia mwinuko, na wana hoja. Vichwa vya diski ya kawaida havigusi sahani, vinaelea juu ya hewa kwa umbali wa nanomita chache, na hewa ikiwa nyepesi mno havielei sawasawa. Lakini viwanda vingi vinaruhusu hadi mita 3,000 hivi. Mji wetu uko kama mita 1,700, uwanda wa Kitulo kama 2,600. Hata kilele cha Rungwe hakivuki. Zile kubwa zilizojazwa heliamu, zilizoanza kuuzwa 2013, zimezibwa kabisa, hazijui hata ziko wapi. Cha kuangalia huku kwetu ni umande. Diski iliyosafiri usiku kutoka Makete kwenye buti la gari, ukiiingiza ofisini kwenye joto la watu na birika la chai, inatoa jasho kama chupa ya soda. Iache saa mbili tatu ndani ya mfuko wake kabla ya kuiwasha.

La mwisho, wanaosema "nina diski mbili, data zangu ziko salama". Diski mbili kasha moja zinapigwa na radi moja na kuibwa na mwizi mmoja. Hata ukiziunganisha zinakiliane zenyewe, ukifuta faili kwa bahati mbaya linafutika kote kuwili, sekunde ile ile. Mpiga video mmoja ninayemhudumia alinielewa baada ya radi ya mwezi wa Tatu kumlia mashine nzima. Sasa ana diski ya tatu, kila mwisho wa mwezi ananakili, anaifunga kwenye kopo la plastiki lenye vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, maana Tukuyu mvua haina likizo. Akishuka kumsalimia mama yake anaibeba. Mama ameitengea rafu ya juu ya kabati la vyombo, mbali na jiko, na wajukuu wameambiwa ni dawa.