Sayansi ya wananchi: jicho la umma katika kusaka nyota changa

Sayansi ya wananchi ni utafiti ambao sehemu ya kazi yake hufanywa na watu wa kawaida, kwa hiari na bila malipo. Hapa mwananchi si mtu wa kujazishwa dodoso. Ndiye anayetazama, anayepima na kutambua.

Elimu ya nyota inamhitaji kweli. Nyota huzaliwa ndani ya mawingu ya gesi na vumbi zito ambalo mwanga wa kawaida haulipenyi. Miale ya infraredi, isiyoonekana kwa macho, hulipenya, na darubini ya Spitzer, iliyorushwa angani mwaka 2003, iliinasa kwa wingi. Nyota changa kubwa inapowaka, miale na upepo wake husukuma gesi na vumbi pande zote, kikatokea kiputo ambacho kwenye picha huonekana kama pete. Pete kamili ni chache, kwani nyingi zimevunjika au zimepandana. Programu za kompyuta hutatizwa na maumbo ya namna hiyo, ilhali jicho la binadamu huyaona upesi.

Orodha za mwanzo za wataalamu zilikuwa na viputo karibu 600. Desemba 2010, Zooniverse, jukwaa la mtandaoni la sayansi ya wananchi, lilianzisha Milky Way Project, mradi ambao washiriki wake huchora viputo wanavyoviona kwenye picha za Spitzer, na kufikia mwaka 2012 watu zaidi ya 35,000 walikuwa wamewezesha orodha ya viputo 5,106. Je, tuwaamini? Hakuna anayeaminiwa peke yake: picha moja hupitiwa na watu wengi, na kinachohesabiwa ni pale michoro yao inapokubaliana. Vigezo vilipokazwa, orodha ya mwaka 2019 ilibaki na viputo 2,600, na mimi naiheshimu zaidi kwa kupungua huko.

Kinachonigusa kuliko yote ni jambo ambalo hawakuagizwa kulitafuta. Washiriki waliona vidoa vya manjano, wakauliza ni nini. Mwaka 2015 ukatoka uchambuzi wa vidoa 928. Katika picha hizo, mawimbi ya infraredi yenye urefu wa maikroni 8 (maikroni ni sehemu ya milioni ya mita) hupewa rangi ya kijani na ya maikroni 24 nyekundu. Yanapong'aa mahali pamoja, hutoa njano. Vingi vya vidoa hivyo ni vitalu vidogo vya nyota kubwa, katika hatua ya awali kabla kiputo hakijatanuka na rangi hizo mbili kuachana.