Namba Kwanza, Uzuri Baadaye: Kuuza Picha za Reli Mnadani

Watu wakiniletea picha za zamani za reli hapa Mji wa Kale, huanza kunionyesha ile nzuri: jua linatua, moshi umetanda, watoto wanapunga mikono. Mimi huitafuta yenye namba. Mkusanyaji aliyeko Uingereza, anayengoja mnada wa mtandaoni ufungwe, hana haja na machweo. Anataka injini fulani, mahali fulani, mwaka fulani, na mojawapo likikosekana anapunguza dau.

Bahati nzuri injini zetu hujitaja zenyewe. Chini ya East African Railways and Harbours, shirika la reli na bandari la Afrika Mashariki lililoundwa 1948, namba zilikuwa za tarakimu nne: mbili za mwanzo ni daraja la injini, mbili za mwisho ni nafasi yake. Kwa hiyo 5930 ni ya 30 katika daraja la 59, zile Garratt 34 (injini ndefu za mvuke, tangi la mvuke likiwa katikati ya seti mbili za magurudumu) za kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester, zilizoundwa katikati ya miaka ya 1950 na kupewa majina ya milima. Hiyo 5930, Mount Shengena, pamoja na 5918, Mount Gelai, zimehifadhiwa katika makumbusho ya reli Nairobi, na kila mgeni huzipiga picha. Mimi humwambia mwenye albamu anitafutie zile zilizoishia kuwa vyuma chakavu, zikiwa bado kazini.

Mwaka nao husomeka. Daraja la 59 lilitoka kiwandani na bomba la moshi la duara, baadaye zikafungwa bomba la Giesl, jembamba na refu. Ukiona la duara, ni picha ya miaka ya mwanzo; iandike hivyo katika maelezo.

Mahali ndipo sisi wa Pwani tunapowazidi wauzaji wa Ulaya. Wao wataandika "Kenya" wakaishia hapo. Sisi tunajua kwamba maji yakiwa pande zote mbili za njia, hapo ni Makupa. Msikiti wa Sayyid Baghali ukiwa kando ya reli, hiyo ni Mackinnon Road. Ukikwama, waulize waliofanya kazi relini. Niliwahi kumpelekea dereva mstaafu picha isiyo na maandishi. "Shikamoo mzee, hapa wapaona ni wapi?" Hakuchelewa: "Mwanangu, hapa ni Mazeras, gari lapanda. Watazama moshi huo?" Jina la stesheni likaingia kwenye kichwa cha tangazo, na madau yakaja.

Kisha uhalisi. Slaidi, yaani vipande vya filamu ya rangi vya kumulikwa ukutani, zikiwa za Kodachrome na zikihifadhiwa gizani hubaki na rangi zake, ilhali nyingi za aina nyingine za zamani hugeuka wekundu. Nakala ya slaidi huwa na vivuli vyeusi mno. Ukiiuza, sema ni nakala. Picha ya karatasi iangalie kwa lenzi: ukiona vidoadoa, imetoka kwenye mashine ya kuchapia vitabu. Wale simba wa Tsavo wa 1898, waliowala wajenzi wa reli, wanaoletwa kwangu kila mara ni kurasa zilizokatwa vitabuni, na sitaki kuwaona tena.

Mnada wenyewe hauna mengi. Anza na bei ya chini, maana wawili wakiitaka picha kweli wataipandisha, na dau kubwa huja sekunde za mwisho. Funga Jumapili saa mbili usiku ya Uingereza, ambayo huku ni saa tano wakati wa baridi yao na saa nne wakati wa joto. Picha yenye namba iuze peke yake. Zile dhaifu zifunge pamoja. Tuma kati ya kadibodi mbili ngumu, kwa rejista.

Jambo ambalo familia huliuliza mwisho, nami napenda kulimaliza mwanzo, ni hakimiliki. Kuuza picha iliyochapwa si kuuza haki ya kuichapisha. Sheria ya Kenya huilinda picha kwa miaka 50, ikihesabiwa kuanzia mwisho wa mwaka ilipopigwa, ilipotolewa kwa umma au ilipochapishwa, kwa kufuata tarehe iliyo ya mwisho kati ya hizo. Kwa hiyo mnunuzi akiuliza kama anaweza kuitia kitabuni, mjibu kwa maandishi kabla hajalipa, na negativu za baba yenu zibaki kwenu mpaka mkubaliane bei yake mbali.