Dola kumeza ufalme jirani maana yake nini

Watu wengi wanachanganya kuvamia na kutwaa, ila ni vitu viwili. Jeshi linaweza kuingia kwa jirani, likapiga, likarudi kwao, hiyo ni vita tu. Kutwaa ni pale dola inapotangaza kwamba kuanzia leo huu ufalme haupo tena, ardhi na watu ni wetu, sheria zetu, kodi mtatulipa sisi.

Na mara nyingi haianzi na bunduki, inaanza na mkataba wa "ulinzi". Angalia Korea: 1905 Japani ikishamshinda Mrusi ikajichukulia mambo yote ya nje ya Korea, 1907 Kaizari Gojong akalazimishwa kuachia kiti na jeshi lake likavunjwa, sasa 1910 mkataba wa mwisho unaletwa, nani wa kukataa? Hapo sababu kubwa ilikuwa hofu, Japani iliona isipoichukua yenyewe Mrusi ataichukua, afu atakuwa mlangoni kwake.

Kwingine ni mapato, ila hilo halisemwi, kinachosemwa ni kwamba mfalme ameshindwa kutawala. Ndo walivyofanyiwa Awadh, ufalme wa kaskazini mwa India, 1856. Kampuni ya East India, kampuni ya biashara ya Waingereza iliyokuwa na jeshi lake na kutawala sehemu kubwa ya India, ilimtoa mfalme wao Wajid Ali Shah kwa madai ya utawala mbovu, wakati Kampuni hiyohiyo ilishawanyang'anya karibu nusu ya nchi 1801 na ikawa inawabana pesa miaka na miaka! Unamdhoofisha mtu halafu unamlaumu kwa udhaifu, mimi hii ndo inaniuma kuliko yote.

Kinachofuata wengi hawakiangalii. Ikulu ikifa hafi mfalme peke yake, askari wake wanakosa kazi, mafundi wanakosa mteja, wenye vijiji wananyang'anywa. Na askari wengi wa Kampuni yenyewe kwao ni Awadh, habari za nyumbani zikawafikia, hivyo uasi wa askari hao dhidi ya Waingereza ulipolipuka 1857, Lucknow, mji mkuu wa Awadh, iliwaka vibaya, Begum Hazrat Mahal, mmoja wa wake za Wajid Ali Shah, akamweka mwanae mdogo kwenye kiti na wakapigana. Walishindwa, ila Kampuni nayo 1858 ikapokonywa utawala, India ikawa chini ya serikali ya Uingereza moja kwa moja.

Korea waliandamana nchi nzima Machi 1919 wakakandamizwa, na kufikia 1940 watu walikuwa wanashinikizwa hadi wachukue majina ya Kijapani. Walitoka mikononi mwa Japani 1945, nchi ikiwa imegawanywa vipande viwili. Awadh wenyewe haukurudi kabisa.