Thairoidi ikilegea kidogo kabla ya matibabu ya uzazi: maswali na majibu

Najiandaa kwa IVF, yaani kutungisha yai nje ya mwili, hapa Nairobi. Majibu ya maabara yanasema TSH ni 5.1 lakini T4 ni ya kawaida. Je, ni ugonjwa?

Thairoidi ni tezi iliyo mbele ya shingo, na TSH ni homoni inayotoka chini ya ubongo kuihimiza itoe homoni yake, T4. Tezi ikianza kuzembea, TSH hupanda. Kwako T4 bado inatosha, ila inapatikana kwa kusukumwa. Maabara nyingi huweka kikomo cha juu karibu na 4.0 au 4.5, kwa hiyo umevuka kidogo tu.

Usihukumiwe kwa kipimo kimoja, dada. TSH huweza kupanda mtu anapopata nafuu baada ya kuugua, na hubadilika kwa saa za siku. Rudia kipimo katika maabara ileile, saa zilezile, na uombe kingamwili za TPO zipimwe pamoja nacho. Zikiwepo, kinga ya mwili inaishambulia tezi, na uwezekano wa tezi kulegea zaidi ni mkubwa. Ukitumia vidonge vya nywele na kucha vyenye bayotini, viache siku 2 au 3 kabla ya kutolewa damu, maana hupotosha majibu.

Mbona sisikii dalili yoyote?

Wengi hawasikii. Uchovu na ngozi kavu vina sababu nyingi, na baridi ya Julai Nairobi humpata kila mtu. Amini damu.

Kwa nini daktari wa uzazi ajali tofauti ndogo hivyo?

Sindano za kukuza mayai hupandisha estrojeni. Estrojeni nayo huongeza protini inayobeba homoni ya thairoidi kwenye damu, kwa hiyo T4 nyingi hunaswa humo na tezi hulazimika kutoa zaidi. Tezi nzima humudu. Iliyolegea huenda ikashindwa. Mimba ikiingia, mtoto hutegemea T4 ya mama wiki zote za mwanzo, kabla tezi yake haijaanza kazi. Ndiyo maana mwongozo wa Chama cha Thairoidi cha Marekani wa 2017 unashauri kwamba mwanamke anayekwenda kwenye IVF, TSH yake ikiwa juu ya kikomo, apewe levothairoksini, yaani T4 ya vidonge, hadi TSH ishuke chini ya 2.5.

Rafiki yangu ana 3.2 na amepewa dawa. Ni sawa?

Hapo mimi ningeuliza maswali kabla ya kumeza. Kati ya 2.5 na kikomo cha maabara, ushahidi kwamba dawa inasaidia ni hafifu. Utafiti wa TABLET wa Uingereza, uliochapishwa 2019, uliwapa mikrogramu 50 za levothairoksini kila siku wanawake wenye kingamwili za TPO ambao thairoidi zao zilifanya kazi kawaida, na waliokuwa wamepoteza mimba au kukosa kuzipata. Idadi ya waliojifungua watoto hai haikuongezeka. Dawa ikizidi, moyo huenda mbio na usingizi hupotea.

Kidonge kimezwe vipi?

Hapa ndipo wengi huharibikiwa na kudhani dawa haifanyi kazi. Kimeze kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, kisha ungoje dakika 30 hadi 60 kabla ya chai. Chai ya maziwa huzuia dawa kuingia mwilini. Madini ya chuma, kalsiamu na baadhi ya dawa za kiungulia huizuia zaidi: viache mbali kwa saa 4. Angalia vizuri vidonge vya foliki unavyotumia kujiandaa, kwa sababu vile vinavyotolewa kliniki mara nyingi vimechanganywa na chuma. Vimeze mchana au jioni.

Ukiwahi matatu alfajiri na huwezi kungoja, mwombe daktari akuruhusu kumeza usiku, angalau saa 3 baada ya chakula cha mwisho. Wanaofunga Ramadhani nao wanaweza kupangiwa hivyo. Cha muhimu ni kushika saa moja na kutorukaruka.

Niache sukuma wiki na kabeji?

Hapana. Zikipikwa na kuliwa kama tulavyo kila siku, hazina shida. Usinunue vidonge vya madini joto ukidhani ni tiba: chumvi ya Kenya tayari huwekewa madini hayo, na yakizidi yanaweza kuilegeza tezi.

IVF ingoje kwa muda gani?

TSH hutulia baada ya wiki 6 hadi 8 za dozi moja, basi panga kipimo hapo. Ukiwa umepita miaka 35, mwambie daktari wazi kwamba hutaki miezi ipotee bure, na mume apimwe mbegu wakati huohuo. Kipimo kifanyike kabla ya sindano kuanza. Katikati ya sindano majibu ni magumu kusoma.

Na kipimo cha mimba kikiwa chanya?

Piga simu kliniki siku hiyohiyo, usingoje tarehe ya kuanza kliniki ya wajawazito. Mahitaji ya homoni hupanda mapema, na wengi ambao tayari wanatumia dawa huongezewa vidonge 2 kwa wiki, kisha TSH hupimwa takriban kila wiki 4 hadi katikati ya mimba. Uliza mpango huo kabla kiinitete hakijapandikizwa, uandikiwe kwenye karatasi. Mimba isiposhika, usiache dawa mwenyewe. Rudi upimwe ndipo muamue pamoja.